Kibati cha Kukatia Ngozi

Mwanangu Rama,

Sikuanguka kwenye mfereji. Mtaa mzima unaamini nilianguka, Baba anaamini, mzee aliyeniunga mfupa aliamini, nawe ulicheka ukasema dada yako husoma huku akitembea na siku moja atasoma mpaka aingie ziwani. Niliwaacha mwamini kwa sababu jambo lenyewe lilifanana na mimi. Mkono wangu wa kushoto niliuvunja mwenyewe, nikiwa nimeketi kwenye kigoda cha Baba, kwa matraki, kirungu chetu cha ngozi, iliyokwisha kushonwa ikimngoja mnunuzi aje kuichukua. Sijawahi kumwambia mtu. Nakuambia wewe kwa kuwa kesho asubuhi unapanda boti kwenda Kigoma, na kwa sababu ya kitu ulichoniomba nikufungie kwenye begi.

Utacheka pia kwa kukuita mwanangu. Nina miaka kumi na tisa, bado navaa sare ya shule kwa kuwa vita vimekula miaka yangu ya masomo, na wewe mwenye kumi na mitatu umeshanifikia begani. Lakini Mama alipofariki ulikuwa hujajua kusimama. Nilikubeba mgongoni mpaka majirani wakasema nitakuwa kibiongo, na neno la kwanza ulilolitoa ukinitazama lilikuwa "mama". Baba naye akaanza kuniita hivyo, hajaacha. Basi leo niache nilitumie jina hilo.

Habari za kuoga, kula, kusali na kuwaamkia wakubwa sitaziandika. Umekwenda Kajaga kumuaga Shangazi, na ninavyomjua hatakuachia uondoke bila samaki wakavu na maagizo yote ya dunia. Mimi nina jambo moja tu, na hilo moja nalizunguka tangu adhuhuri. Naandika mistari miwili nasimama. Naenda mlangoni, natazama gereji ya ng'ambo wakigonga bodi ya lori, narudi. Huko juu vilimani kulikuwa na milio ya bunduki asubuhi, sasa kumenyamaza, na ukimya huo nao haunipi nafasi ya kukaa. Begi lako liko karibu na mlango, limefungwa nusu. Misharasi miwili ya kutobolea ngozi imo. Sindano zimo, nta imo, uzi wa katani umo. Kibati hakimo. Kiko hapa mezani chini ya karatasi hii, na kila nikifika ukingoni mwake kalamu inaruka.

Wewe unakijua kuliko mimi. Bati jembamba, umbo la kijiko kirefu, lililokatwa na Babu kutoka kwenye debe la mafuta ya taa zamani za Wabelgiji. Unalizungushia kalamu juu ya ngozi ya ng'ombe mara mbili, unapata vipande viwili vilivyo sawa. Katikati unatia chuma chembamba cha springi, kichwani unajaza risasi iliyoyeyushwa kutoka kwenye betri za malori, halafu unashona ukingo wote kwa sindano mbili. Hiyo ndiyo matraki yetu. Inalala mfukoni kama pochi. Wanunuzi wanaipenda kwa sababu haipasui ngozi ya mtu. Inavunja cha ndani.

Babu alinieleza jinsi ilivyoingia katika nyumba yetu, nami nilimuuliza mara nyingi kwa sababu napenda kujua vitu vilianzia wapi. Yeye alikuwa fundi wa ndala za ngozi na mifuko ya kuwekea misahafu. Siku moja Mbelgiji mmoja wa polisi, aliyemwita Bwana Komiseri, akamletea matraki yake iliyofumuka mshono. Babu akaifumua yote ili aone tumbo lake, akaishona upya, na kabla ya kuirudisha akazungushia kalamu kwenye bati. Bwana Komiseri aliporidhika akamwambia habari ambayo Babu aliicheka mpaka uzeeni. Baba yake huko Ubelgiji ndiye aliyeishona. Alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, yeye na mtaa wake mzima. Magari yakaja, farasi wakapungua, ngozi na sindano zikabaki bila kazi, na watu wa kwanza kuja na oda walikuwa polisi. Yule mzee alikuwa akisema anashona hizo mpaka farasi warudi.

"Farasi warudi wapi?" Babu aliniuliza, akijifuta machozi ya kicheko. "Mutu gani iko na akili timamu anangojea farasi!"

Lakini viatu vya plastiki vilipoingia hapa Buyenzi na ndala zake zikaanza kukaukia ukutani, Babu alikitoa kile kibati akasema atashona matraki mpaka watu wachoke na plastiki. Baba alisema mpaka vita viishe. Juzi, tukila, nilikusikia na wewe ukimwambia Baba kwamba utazishona kule Kigoma mpaka upate nafasi ya shule. Nilikuwa na tonge mkononi. Nililirudisha kwenye sahani na sijalala vizuri tangu hapo.

Kuna sehemu ya hadithi ya Babu ambayo sidhani unaijua, kwa sababu alipokuwa akifanya hayo wewe ulikuwa hujazaliwa, na Baba hasemi. Babu hakutoa matraki mkononi mwake kabla hajajipiga nayo mwenyewe. Aliketi, akafunga kikoi vizuri, akaanza polepole kwenye nyama ya paja la kushoto, kisha kwa nguvu kidogo, kisha kwa nguvu zote. Akiona imezidi, anafumua kichwa na kupunguza risasi. Alikuwa akisema kazi ya fundi lazima impitie fundi kwanza, kama mpishi anayeonja mchuzi. Bwana Komiseri aliwahi kulalamika kwamba za Babu ni nyepesi kuliko ya baba yake.

"Ndiyo, Bwana," Babu akamjibu. "Ngozi ya ng'ombe ya huku inakunywa risasi."

Mzungu akaamini. Unakumbuka Babu alivyokuwa akichechemea mvua zikikaribia? Sote tulisema ni uzee.

Baba alikuwa akijipima pia, mwanzoni. Vita vilipopamba moto oda zikawa nyingi, walinzi wa nyumba za wakubwa kule Kiriri, askari, watu ambao hawakusema ni nani, na mtu mmoja hawezi kujipiga kila siku na bado akasimama. Akaacha. Alisema mkono wake unajua uzito. Matraki zikawa nzito, na hakuna aliyerudisha hata moja kulalamika. Halafu mikono yake yenyewe ikaanza kulegea kwenye vifundo vya viganja, vidole vikaning'inia kama unavyoviona, na muuguzi akatuambia ni moshi wa risasi tuliyokuwa tukiiyeyushia chumbani. Tulihamishia jiko uani. Mikono haikurudi. Ndipo nikaanza kushona mimi, jioni baada ya shule, kwa sababu mshono wangu ulikuwa umenyooka na kwa sababu tulihitaji kula. Sitajifanya nilichukia. Nilikuwa naona haya mbele za watu, nashindwa hata kujibu darasani, lakini kwenye meza hii niliweza. Uzi ukikazwa pande zote mbili unatoa mlio mdogo, na mimi niliupenda mlio huo.

Sasa siku ya mkono.

Nilikuwa natoka shule, nimepita sokoni kununua chumvi. Kulikuwa na mwanamume mmoja na gunia la makaa, ameshuka nalo kutoka vilimani, na mlinzi mmoja mwenye kofia akimtaka asogee asizibe njia ya gari la mkubwa wake. Yule wa makaa alikuwa anasogea. Alikuwa anasogea, Rama, nilimwona, ila gunia lilikuwa zito. Mlinzi akatoa kitu mfukoni na kumgonga mara moja juu ya kiwiko. Hapakuwa na kelele. Yule mtu akakaa chini taratibu, kama amekumbuka jambo, mkono wake ukiwa umelala pembeni kwa namna ambayo mkono haulali.

"Hakumupiga sana," mwanamke mmoja karibu nami akasema. "Angalia, hana hata damu."

"Angempiga sana angelia," mwingine akasema.

Mlinzi alikuwa karibu nami kama ulivyo mlango huu. Nikautazama mshono. Baba alikuwa akianza kushona kutoka kichwani. Mimi naanza kwenye mpini, kama nilivyokuja kukufundisha wewe, na mwishoni narudisha sindano nyuma hatua tatu. Ile ilikuwa yangu.

Nilinunua chumvi. Sijui kwa nini nakuambia hilo, lakini nilinunua, nikasema asante, nikaja nyumbani. Baba alikuwa amelala. Wewe ulikuwa madrasa. Nikachukua moja iliyokuwa tayari, nikakaa kwenye kigoda nikauweka mkono wa kushoto juu ya meza. Niliuchagua wa kushoto kwa kuwa wiki ile tulikuwa na mtihani. Nilitaka kujua tu. Vitabu vyote nilivyosoma havikuweza kunieleza kile ambacho yule mtu alikijua pale chini karibu na gunia lake. Nilipiga mara moja, na nikajua, na siwezi kukuandikia nilichojua. Ninachoweza kukuandikia ni kwamba hapakuwa na alama. Mfupa ulikuwa umeachana, na ngozi ilikuwa nzima, safi kama ya mtoto.

Mzee wa kuunga mifupa aliukamata mkono akisema, "Mutoto, ile mufereji ilikuwa na chuki na we?" Nikacheka naye. Mkono ulipona vibaya, haushiki kitu kwa nguvu mpaka leo, na watu wamezoea.

Ungetarajia niache kushona. Niliacha, kweli. Lakini kosa langu halikuwa hapo, na ndilo limenifanya nisimame na kukaa siku nzima.

Nilipoacha mimi, nilikukalisha wewe kwenye kigoda.

Ulikuwa mwaka ule vijana wa magenge walipoanza kukusanyika kwenye kona ya msikiti mdogo, kila siku wakiongezeka, na mama wengi wa mtaa waliwapoteza watoto wao kwenye kona ile bila mtoto kuhama hata hatua mia kutoka nyumbani. Niliogopa kona ile kuliko nilivyoogopa milio. Unamkumbuka yule mrefu aliyekuja mlangoni?

"Rama, kuya hapa. Tuko na kazi ya wanaume."

"Ana kazi," nikamwambia mimi, ambaye huwa siongei na wageni.

"Kazi gani?"

"Anashona."

Akachungulia ndani, akaona ulichoshika, akacheka. "Basi dada, ashone yetu. Mi nilifikiri iko anasoma kama we, anapoteza macho."

Na akaleta oda. Na mimi nilifurahi. Nilikufundisha kushika sindano mbili, kupaka uzi nta, kupiga msharasi bila kupasua ukingo. Nilikusifu. Nilikuwa nikirudi shuleni nakukuta umeinama hapa mezani, nasema moyoni, Alhamdulillahi, yupo ndani. Nilikuficha mtaa usikuchukue, na kila jioni mtaa ulikuja mlangoni kuchukua ulichoshona. Nilikuwa na akili ya kukokotoa hesabu ngumu ubaoni na sikuliona hilo lililokuwa juu ya meza yetu wenyewe. Au niliona. Mkono wangu ulikuwa unaniambia kila mvua ikikaribia, na nilikuwa nauvalia sweta.

Kwa hiyo usisikie hasira yoyote humu. Mikono yako ni mizuri, nami ndiye niliyeitengeneza hivyo.

Juzi mchuuzi wa vitenge alipoleta salamu za Baba Mdogo kutoka Kigoma, ulisikia mwenyewe: mlete mtoto, na alete kibati, walinzi wa kambi wanataka matraki nyingi. Baba akatikisa kichwa kukubali. Wewe ukaniangalia. Nikakuuliza kambi ipi, nawe ukasema, "Kambi ni kambi, Dada." Lakini unajua ni ipi. Ni ya watu waliokimbia kutoka hapa. Mama Asha aliyekuwa akitupa maji ya kisima chake yuko huko. Yule wa makaa, kama alipona, huenda yuko huko.

Nilikuambia hayo, ukanijibu, "Kama si mi, atashona mwingine."

Nilitafuta jibu jana darasani, mwalimu akiandika ubaoni, nikatafuta usiku, nimetafuta leo. Ni kweli, atashona mwingine. Mafundi wa matandiko kule Ubelgiji bila shaka waliambiana hivyo hivyo. Ninachojua ni kwamba huyo mwingine sikumbeba mgongoni.

Naweka kalamu chini. Baba ameamka, nasikia akikohoa kibarazani.

*

Nimerudi. Jua limeshuka upande wa ziwa na hujafika bado. Nakuandikia kilichotokea, bila kuongeza.

Nilimkuta Baba ameketi, mikono imelala mapajani.

"Mama, umefunga begi?"

"Bado, Baba."

"Kibati?"

Nikakaa chini, nikapandisha mkono wa sweta, nikamwambia. Nilimwambia kuhusu sokoni na kigoda na kwamba hapakuwa na mfereji. Nilitazama chini wakati wote. Gereji ya ng'ambo walikuwa wakigonga na kugonga.

"Kushoto," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini kushoto?"

"Nilikuwa na mtihani."

Akacheka, Rama. Alicheka kweli, kama zamani, halafu kicheko kikamkatikia njiani.

"Ulianza polepole? Babu yako alianza polepole."

"Apana. Mara moja tu."

"Ah," akasema, kama fundi anayeona pale kazi ilipoharibikia. "Mara moja. Ndiyo maana." Akautazama mkono wangu, kisha ukuta. "Ile ilikuwa ya nani kushona?"

"Ya kwangu."

"Apana. Kushona ni we. Ni nani alijaza risasi?"

Alikuwa yeye, kabla mikono haijaisha kabisa, na alikuwa anajua.

"Mi niliacha kujipima," akasema. "Mutu anaanza kuacha kitu kidogo." Halafu akasema, "Leta makasi. Ile kubwa."

Nilileta mkasi wa ngozi na kile kibati. Niliweka kibati kwenye ubao, lakini mkono wangu wa kushoto haukuweza kukikamata, kiliteleza kila nilipobana mkasi. Baba akasogea. Viganja vyake havikamati kitu, unajua, kwa hiyo alilaza mikono yake yote miwili juu ya bati kuanzia kiwiko, akaegemea kwa uzito wa mwili. Nami nikakata. Bati la zamani ni gumu. Lilinikwaruza, lilimkwaruza na yeye. Nilikata kichwa kwanza.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Nilikigeuza huku na huku, nikachora kwa msumari, nikakata tena, na umbo pekee lililotosha humo ni la unyayo wa ndala ya mtoto, wa miaka minne au mitano hivi. Baba alikitazama akasema kisigino nimekifanya chembamba. Nikapunguza mbele ili viwe sawa.

Najua mikono yako inalikumbuka lile umbo la zamani. Unaweza kulikata kutoka kwenye debe lolote kule Kigoma kabla chai haijapoa, na Baba Mdogo atafurahi. Siwezi kukuzuia nikiwa huku, na nikisema naweza nitakuwa nakudanganya. Ukilikata, basi litakuwa lako, si la Babu wala la Baba wala langu. Na kabla hujampa mtu ile ya kwanza, kaa chini, weka paja lako, na uanze polepole.

Baba amesema atampelekea Baba Mdogo salamu kwa mchuuzi yule yule, kwamba kibati kimekatika. Amesema atasema ni yeye aliyekikata.

Nimekiosha kibati kipya, nimekifunga kwa kitambaa pamoja na misharasi. Vipande vilivyobaki nimevipeleka gereji, wakavitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Matraki moja iliyokuwa imebaki rafuni nimeifumua, na risasi yake nimeiweka kando kwa ajili ya Shangazi, atawapa wavuvi wake wafanye vizito vya nyavu. Barua hii nakunja sasa, naiweka juu ya kitambaa, nafunga zipu. Kisha navaa viatu naenda kukungoja barabarani, kwa sababu saa za kutotoka nje zimekaribia na gari la Kajaga limechelewa.

Dada yako,
Zainabu